Je, Aongozwaye Hana Dhima?

Tuseme dereva mgeni ametoka Arusha, naye usiku wa masika anatafuta nyumba iliyoko Singe, katika mji wa Babati. Simu yamwambia apinde kushoto. Anapinda, na gari lanasa katika shamba la mahindi la mtu. Asubuhi mwenye shamba amuuliza, naye ajibu: "Simu ndiyo iliyonileta." Je, jibu hilo latosha?

Kwanza yafaa kufahamu kwamba simu hutoa habari za namna mbili, nazo hazina nguvu sawa. Setilaiti za GPS huzunguka juu yetu kiasi cha kilometa 20,000. Hutangaza saa na mahali zilipo, basi; hazikusikii wala hazikujui. Simu ikinasa mawimbi ya setilaiti nne hupiga hesabu, na mahali pa wazi hukosea kwa mita chache tu. (Kabla ya Mei 2000 Marekani iliyavuruga kwa makusudi mawimbi ya raia, hata kosa likafikia mita 100.) Lakini barabara uionayo kwenye kioo haikutoka angani. Ilichorwa na wanadamu, na pengine imebadilika tangu ilipochorwa.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe ya Mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh, ulio kwenye njia ya Babati kwenda Singida, na watu zaidi ya 80 wakafa. Setilaiti hazikukosea siku ile. Zingemwambia msafiri barabara mahali aliposimama, na tope liko mbele yake.

Basi jibu la dereva wetu halitoshi. Aliyaona mahindi kwa taa zake mwenyewe, akaendelea. Atasema: mbona mgonjwa humwamini tabibu? Ni kweli, lakini tabibu huulizwa naye hujibu, tena hubeba lawama. Simu haibebi lolote; kwa hiyo lawama yote humrudia aliyeshika usukani. Kuamini si kosa. Kosa ni kuacha kutazama.

Tena mgeni huyu alipita duka lenye taa bila hata salamu. Mwaka 2022 mitaa ya nchi yetu ilipewa majina na nyumba namba, jambo jema sana. Lakini kama kalavati limebebwa na mvua ya jana, mwenye duka ndiye ajuaye, na angalimwambia.