Ivueni Mashine Hiyo Kitambaa!

Ndugu zangu mnaotokwa jasho mbele ya skrini, leo sitawaficha: kadi zenu za grafiki hazifi, zinauawa! Zinauawa sebuleni, mchana kweupe, na muuaji amekaa kitini akilaumu mchezo, akilaumu umeme, akimlaumu kijana aliyemuuzia.

Nimeingia nyumba ngapi hapa Dar es Salaam nikakuta kompyuta imesukumwa ndani ya kabati la meza, na juu yake pametandikwa kitambaa kizuri cha kufuma! Matundu ya kutolea hewa yamezibwa kwa uzi wa rangi mbili. Mama amekitandika kwa mapenzi, nami sithubutu kumsema. Lakini wewe kijana, uliyeiweka mwenyewe GTX 1060 ya mtumba mle ndani, ulikuwa wapi? Kadi ile ikifanya kazi kwa nguvu zote hula wati 120, na wati hizo zote huishia kuwa joto. Zote! Jifungie kabatini na balbu mbili za zamani za wati 60, kisha toka unisimulie.

Dalili mnaziona, mnazipuuza. Feni zinanguruma kama mashine ya kusaga, mchezo unakwama, vidoadoa vya rangi vinatapakaa, halafu giza. Kule kukwama si ukaidi. Kadi nyingi zikifika nyuzi 80 na kitu hupunguza mwendo zenyewe ili zijiokoe. Kadi inaomba hewa, nanyi mnakwenda kuinunulia RAM!

Pimeni kwanza! Programu kama GPU-Z na HWiNFO ni za bure. Andika kwenye karatasi: nyuzi ngapi mashine ikiwa imetulia, ngapi baada ya robo saa ya mchezo. Kisha ondoa ubavu wa kasha, ucheze tena robo saa, mchezo uleule, chumba kilekile. Joto likishuka nyuzi kumi, iacheni kadi, haina kosa. Kasha ndilo halipumui. Angalieni kama feni ya mbele inavuta na ya nyuma inatoa, maana nimekwisha kuona zote mbili zikivuta, hewa imekosa mlango. Lakini lisiposhuka, kosa limo kwenye kadi yenyewe: vumbi kwenye mapezi ya alumini, feni iliyochoka, au pesti ya kupitishia joto iliyokauka. Jaribio hili halina gharama. Kwa nini basi watu hukimbilia dukani kabla ya kulifanya? Mimi huambiwa, "Fundi, sikuwa na muda." Muda wa kucheza hadi alfajiri ulikuwepo!

Na katika kupuliza vumbi, naungama mbele yenu. Zamani nilichukua bloa nikaielekeza kwenye feni bila kuzishika. Zikazunguka zikilia kama king'ora, nami nikacheka. Wiki ileile moja ikaanza kukwaruza, beringi imekwenda. Shikeni mapanga ya feni kwa kidole mnapopuliza! Na ikibidi kubadili pesti, legezeni skrubu kwa mshazari, futeni ya zamani kwa spiriti kali, wekeni tone lisilozidi mbaazi moja. Vile vipande laini vinavyolalia memori msivitupe, wala msiweke vya unene mwingine, la sivyo bamba la kupozea halitakaa sawa juu ya chipu.

Lakini asije mtu akaniambia kwamba adui ni vumbi peke yake. Mwaka 2010, mchezo wa StarCraft II ulipotoka, kuna kadi zilizochemka kwenye menyu. Menyu, ndugu zangu! Hakuna vita, hakuna jeshi, kadi inachora fremu bila kikomo kwa sababu hakuna aliyeiambia itosheke. Blizzard, kampuni yenye mchezo huo, ikawapa wachezaji mistari miwili ya kuandika kwenye faili la mipangilio ili kuweka kikomo. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Machi, Nvidia ilikuwa imeiondoa draiva yake ya 196.75 kwa kuwa ilivuruga mwendo wa feni. Kwa hiyo kama joto limeanza siku moja baada ya kubadili draiva, rudisha ya zamani kabla hujashika bisibisi.

Nawe, skrini yako hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Hizo fremu 200 unamchorea nani? Weka kikomo! Shusha na kiwango cha umeme wa kadi hadi asilimia 80, mara nyingi macho hayataona tofauti. Januari hadi Machi hewa ya mji huu hupanda kupita nyuzi 30, na hakuna feni inayoweza kuipoza kadi chini ya joto la hewa inayoivuta.

Najua yupo aliyekwisha kusema moyoni, "Nitafanya Jumamosi." Zima sasa hivi! Chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kasha umeme tuli ukutoke. Na kile kitambaa kikunje vizuri, umpe mama mkononi, umwambie kitapendeza zaidi juu ya kochi.