Baba Asiye na Shamba Anarithisha Nini?

Katika kikundi chetu cha akina baba kuna swali limekaa kati yetu kwa miezi kadhaa, na hatujalimaliza. Papa mmoja aliuliza hivi: "Baba yangu aliniachia shamba, ng'ombe wawili na mahali pa kujenga. Mimi nitamwachia mwanangu nini? Kadi ya ukimbizi?" Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Jibu la kanisa tunalijua sote: mwachie imani. Ni jibu zuri. Lakini tuliseme polepole, maana shamba na imani haviachwi kwa namna moja. Shamba mtoto hulipokea hata kama hakumpenda baba yake. Mipaka inajulikana, wazee ni mashahidi, baba akifa mtoto anaingia na jembe lake. Imani mtoto anaweza kuikataa baba akiwa hai, tena mbele ya wageni. Nabii Ezekieli, sura ya 18, anaeleza wazi kwamba haki ya baba haihesabiwi kwa mwana, wala uovu wa baba. Kila mmoja atasimama mwenyewe. Basi kama imani haipiti kwa damu, baba anarithisha nini hasa?

Hapa Kampala ushahidi uko karibu na milango yetu. Kila mwaka, tarehe 3 Juni inapokaribia, tunaona mahujaji wakipita kwa miguu kwenda Namugongo. Vijana waliochomwa pale mwaka 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, hawakupata imani kwa baba zao. Isingewezekana: wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na wale Wakatoliki mwaka 1879. Mmoja wa vijana hao, Mbaga Tuzinde, alilelewa na Mukajanga, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa wauaji wa Kabaka. Mzee alimsihi mtoto akane ili apone. Mtoto hakukubali. Kwa hiyo Mungu anaweza kumfikia mtoto hata baba akiwa amesimama njiani. Jambo hilo litupunguzie kiburi, na pia litupunguzie hofu.

Na kuna upande wa pili. Tunapenda kumlaumu kuhani Eli kwa ajili ya Hofni na Finehasi. Ni haki, maana alijua na hakuwazuia. Lakini mbona hatumtaji Samweli? Yeye alimtumikia Mungu tangu utoto, na bado wanawe walipokea rushwa kule Beer-sheba (1 Samweli 8). Biblia haisemi alikosa wapi. Mzazi anayelia usiku kwa ajili ya mtoto wake asihukumiwe upesi na sisi tunaoketi viti vya mbele.

Sasa tufungue Yeremia sura ya 35. Haihubiriwi sana, nami sijui kwa nini, maana inahusu watu kama sisi. Warekabi walikuwa jamaa iliyokaa hemani. Mzee wao wa kale, Yonadabu mwana wa Rekabu, aliyeishi siku za mfalme Yehu, aliwaagiza wasinywe divai, wasijenge nyumba, wasipande mbegu wala mizabibu, wakae katika hema siku zote. Ikapita miaka zaidi ya 200. Ndipo jeshi la Babeli likaja, nao wakakimbilia Yerusalemu. Walikuwa wakimbizi wa mjini. Yeremia akawaingiza katika chumba kimoja cha hekalu, akaweka divai na vikombe mbele yao, akawaambia wanywe. Fikirini vizuri: anayekaribisha ni nabii, mahali ni nyumba ya Mungu, na hao ni wageni wasio na kitu mjini. Nani angewalaumu? Wakakataa, wakataja jina la babu yao.

Lakini angalieni jambo moja ambalo wasomaji wengi huliruka. Wale watu walikuwa wameshaacha sehemu ya agizo. Hawakuwa tena nje katika malisho. Walikuwa ndani ya kuta za mji, na wenyewe wanaeleza sababu, kwamba ni kwa kuogopa majeshi. Vita viliwalazimu kuhama kutoka maisha ya hema. Havikuwalazimu kunywa divai. Hawakusema, "Kwa kuwa yale yameharibika, basi yote yameharibika, tunywe." Wala hawakukaa nje ya ukuta wauawe kwa sababu ya hema. Walijua kutenganisha. Na Mungu alipowasifu hakufanya agizo la Yonadabu kuwa sheria kwa Yuda yote. Alisifu kwamba neno la baba lilisikiwa, wakati neno la Mungu mwenyewe lilikuwa halisikiwi.

Basi kila baba aliyekimbia ajiulize: hema langu ni lipi, na divai yangu ni ipi?

Ninaona wengi wetu tunapigania hema. Mtoto anaongea Luganda na mdogo wake, baba anakasirika. Kijana hasalimii kama kwetu. Binti anaolewa na mtu wa kabila ambalo babu hakulijua. Sisemi mambo haya hayana maana. Lugha ya nyumbani ina maana sana, kwa kuwa mtoto asiyejua Kiswahili, wala Kinande, wala Kibembe, hawezi kuongea na bibi yake kwa simu, na bibi hataishi milele. Hata hivyo hema hukunjwa safari ikibidi. Divai ndiyo inapita mbele yetu kila siku, na hakuna anayeshtuka.

Nitaje moja, ingawa wengine hawatapenda. Ni uongo wa kwenye karatasi. Kwetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Nikisema "mwanangu" sidanganyi mtu. Fomu ya ofisi haijui lugha hiyo, inauliza nani alimzaa. Hapo baba anaweza kueleza: huyu ni wa marehemu kaka yangu, namlea mimi. Ni kazi ndogo ya maneno. Lakini kuna jambo lingine ambalo mitaa yetu inalijua: habari ya mateso iliyoazimwa kwa jirani, na mtoto wa miaka minane anafundishwa jioni aseme aliona nini siku ambayo hakuwepo. Nafahamu inatoka wapi. Baba amengoja miaka kumi, kodi ya nyumba imefika, mwenzake wa juzi ameshaitwa. Na mwenye kujua Biblia atajibu kwamba wakunga kule Misri hawakumwambia Farao ukweli, na Rahabu aliwaficha wapelelezi, na Mungu aliwatendea mema. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mimi mtu aliyemdanganya mwenye panga ili watoto wasikatwe, sina neno juu yake. Lakini mbele ya meza ya ofisi hakuna panga. Tena kwenye benchi nyuma yetu ameketi mama mwingine ambaye habari yake ni ya kweli, na nafasi ni chache.

Mtoto naye anapata hasara ambayo baba haihesabu. Alikuwa na historia yake, chungu lakini yake. Amepewa ya mtu mwingine aishike kwa moyo. Akiwa mkubwa atauliza, "Tulitoka wapi, na kwa nini?" na hatajua jibu lipi lilikuwa la ofisi na lipi la nyumbani. Zaburi ya 78 inawaagiza mababa wawasimulie watoto matendo ya Mungu, na zaburi hiyo ndefu haifichi ukaidi wa mababa wenyewe. Imejaa habari za kushindwa kwao. Wengi wetu tumefanya kinyume. Yaliyotupata kweli, mwaka 1998 au juzi Bunagana, tumeyanyamazia kwa sababu yanauma. Na yale yasiyotupata tumeyafundisha. Si lazima mtoto mdogo aambiwe yote. Lakini anaweza kuambiwa nani alitufungulia mlango usiku ule, nani alitupa maji, na kwamba mtu huyo hakuwa wa kabila letu.

Wengine husema: baba asiyeleta chakula hana mdomo. Mama ndiye anazunguka na vitenge tangu asubuhi, mtoto ndiye mkalimani wetu hospitalini, baba amekaa. Hapa mjini mgawo wa chakula hatupewi, na hata kambini umepunguzwa sana, kwa hiyo aibu hii iko kila mahali. Ni aibu ya kweli, sitaki kuipamba. Ila tukumbuke kwamba Yusufu wa Nazareti alimbeba mtoto usiku akaenda naye Misri, kwenye nchi isiyo yake, na katika Injili zote nne hakuna hata neno moja alilosema lililoandikwa. Tunajua tu aliyofanya: aliamka, akachukua mtoto na mama yake, akaenda, baadaye akawarudisha.

Tena chumba kimoja tunachopanga kina faida ambayo hatukuitaka. Nyumbani kwetu baba alikuwa na baraza, na mambo yake mengi watoto hawakuyaona. Hapa kuna pazia tu. Mtoto anasikia baba akimwambia mwenye deni kwa simu kwamba yuko Mbarara, na wote wako Katwe. Anasikia pia baba akimwomba mama msamaha kwa sauti ndogo. Yale mahubiri ya Jumapili anayapima kwa hayo mawili, na hana haja ya kutuuliza.

Kuhusu nyumba zisizo na baba, na ni nyingi, nitasema kwa ufupi. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na Paulo anapotaja imani ya kijana yule anamtaja bibi Loisi na mama Eunike, hamtaji baba. Mjane asidhani amenyimwa kazi hii. Na sisi wajomba na wazee wa kanisa tusingoje kuitwa.

Tumkumbuke pia Apolo Kivebulaya. Alikuwa Mganda, na mwaka 1896 alipeleka Injili Mboga, kule Ituri. Mtemi Tabaro alimpiga, akafungwa, akarudi tena kwa watu walewale, na Tabaro mwenyewe baadaye akaamini. Pale Mboga Apolo hakuwa na mke wala shamba la ukoo. Alipokufa mwaka 1933 alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa misitu ya Kongo, si upande wa kwao. Kanisa la Kianglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake hapo. Leo wajukuu wa walioamini Mboga wamekimbia Ituri, wengine wanasali hapa Kampala, mji ambao habari ile ilitoka. Sijui kama kuna urithi wa ng'ombe uliotembea mbali hivyo.

Jambo la mwisho ni ndege. Siku za Yeremia, nabii Hanania aliwaambia watu kwamba mambo yatarudi kama zamani kabla ya miaka miwili kuisha. Yeremia aliandika miaka 70, akawaambia waliohamishwa wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee mji waliomo. Watu walimpenda Hanania, ni wazi. Hapa kwetu pia wapo wanaotabiri safari kwa tarehe. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na jamaa ambazo zilikuwa zimeshauza magodoro zikabaki. Mtoto aliyefundishwa kwamba Mungu ni yule atakayetupandisha ndege, alijifunza nini mwezi ule? Baba aliyemfundisha kuuombea mji huu, aende asiende, alikuwa na la kumwambia asubuhi iliyofuata.

Katika kikundi chetu yuko papa ambaye kijana wake ameacha kusali. Hamfukuzi wala hamfichi kwa wageni. Kila Ijumaa baada ya ugali anasoma sura moja kwa sauti, na mlango anauacha wazi. Kijana hukaa nje kwenye ngazi na simu yake. Siku moja baba aliruka mstari, na kutoka nje sauti ikasema, "Papa, umeruka."