Ubao Wenye Omo na Tezi

Kila aliyepata kulea walimu hukutana na swali hili, hata pale lisipotamkwa: je, ni bora kijana awe mtu wa mwelekeo mmoja, au awe mtu awezaye kwenda kokote upepo unakompeleka? Wazee wetu hawakutuachia jibu jepesi. Waliwabeza wenye ndimi mbili, na papo hapo wakatufundisha kwamba baharia mwenye akili hapigani na kusi wala kaskazi. Mimi nimepata mwanga kidogo mahali ambapo mzee wa miaka sabini na ushei hatarajiwi kuutafuta, yaani katika uchaguzi wa ubao wa kutelezea baharini kwa tiara.

Mchezo huu msomaji anaweza kuuona Paje, mashariki ya Unguja, majira ya kusi na majira ya kaskazi. Mtu husimama juu ya ubao, kiunoni amefungwa mkanda imara, na tiara kubwa ya kitambaa humvuta kwa kamba ndefu. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliandikisha mwaka 1984 hataza ya tiara inayojazwa hewa, ambayo ikianguka majini haizami na huweza kurushwa tena. Mjukuu wangu anawafundisha wageni mchezo huo. Alipokwisha kudunduliza fedha za ubao mmoja tu, alinijia akasema, "Shikamoo babu. Naomba ushauri wako. Fedha hii nikikosea kuitumia, sina nyingine."

Nilimwambia anieleze kwanza, kwa kuwa huwezi kumshauri mtu juu ya jambo usilolijua. Akanieleza kwamba mbao za mchezo huo ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza ina ncha mbili zinazofanana. Mwendeshaji akitaka kurudi alikotoka hana haja ya kugeuka. Huhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi wa pili, na iliyokuwa nyuma ikawa mbele. Ya pili ina omo na tezi, kama chombo. Mapezi yake, aghalabu matatu, yako chini ya tezi tu. Ukitaka kurudi na ubao huo sharti uuzungushe, kisha ubadilishe miguu: wa nyuma uje mbele, wa mbele uende nyuma. Katika kitambo hicho kifupi huna uimara wowote, na anayejifunza huanguka mara nyingi, tena mbele ya watu.

Kwa nini basi mtu ajitaabishe? Ndani ya mwamba, maji yakiwa tulivu, ubao wa ncha mbili watosha, na hakuna aibu kuutumia. Lakini bahari ikijaa na upepo ukikaza, maji yale huvurugika. Viwimbi hupiga magoti ya mwendeshaji kama barabara ya matuta. Nje ya mwamba kuna mawimbi makubwa yanayovunjika. Ubao wa ncha mbili ni mwembamba na hauelei sana, hivyo hutegemea mvuto wa tiara wakati wote. Unapoteleza na wimbi kuelekea iliko tiara, kamba hulegea, na ubao huo huanza kuzama. Ubao wenye omo una unene wa kuelea na umbo la kupokea nguvu ya wimbi lenyewe. Kamba zikilegea, bado unakwenda.

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Ni wengi miongoni mwetu wanaoonekana hodari mradi kuna kitu kinachowavuta: cheo, mshahara, msimamizi, sifa. Kipimo cha umbo la mtu ni siku kamba inapolegea.

Hata hivyo, kuamua kuwa na mwelekeo hakumalizi kazi ya kuchagua. Mjukuu wangu alisema kwamba mawimbi makubwa na viwimbi vya vurugu vinadai mambo yanayopingana. Ubao uliobinuka sana huzunguka vizuri kwenye wimbi la mwinuko mkali, lakini ni mzito wa mwendo. Ulionyooka hukimbia, tena hupanda joshini, upande unakotoka upepo, bila taabu. Ila kwenye wimbi kali omo yake huchomeka majini. Mpana na mnene husaidia upepo ukiwa haba, lakini juu ya viwimbi hurukaruka. Mwembamba wa kingo huvikata. Kanda za kushikilia miguu humpa mtu uimara katika vurugu, lakini humnyima uhuru wa kusogeza miguu juu ya wimbi.

Nikamwuliza, "Katika siku kumi za upepo, ni ngapi unazokuwa nje ya mwamba?" Akafikiri, akajibu kwa uaminifu, "Mbili, babu." Basi nikamwambia anunue ubao wa zile siku nane: wenye omo na tezi, mbinuko wa wastani, kingo nyembamba, usio mpana kupita kiasi. Zile siku mbili ubao huo utamvumilia. Vijana wengi hununua ubao wa bahari wanayoiota, kisha wakateseka kila siku katika bahari waliyonayo. Watu wazima nao hufanya hivyo katika ndoa na katika kazi.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Walimu wa rika langu tulifundisha Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha, na nchi ikashika njia nyingine. Niliwaona wenzangu wa namna mbili. Wapo waliohubiri soko huria Jumatatu kwa sauti ile ile waliyoitumia kuhubiri ujamaa Ijumaa, bila kugeuza hata unyayo. Wapo wengine waliosimama mbele ya wanachuo wakasema: niliamini hivi kwa sababu hizi, sasa naona vile kwa sababu zile. Walitetereka, wakachekwa. Lakini wanachuo waliwaamini hao, kwa kuwa walikuwa wameona miguu ikibadilishwa.

Msomaji anaweza kunipinga kwamba ncha mbili si unafiki. Ni kweli. Mabaharia wa Mikronesia, katika Bahari ya Pasifiki, wamevuka bahari kuu kwa mitumbwi ambayo omo yake huweza kuwa tezi na tezi kuwa omo. Ngalawa yetu ina matengo pande zote mbili. Mtumbwi wao una tengo upande mmoja tu, nalo sharti likae joshini daima. Wakitaka kugeuza njia, mabaharia hulihamisha tanga zima kutoka ncha moja hadi nyingine, kazi inayotaka nguvu na uangalifu. Kwa hiyo hata chombo hicho cha ncha mbili kina jambo moja lisilobadilishwa, na kugeuka kwake kuna gharama yake.

Nadhani jibu limo humo. Mtu wa mwelekeo si yule asiyegeuka kamwe. Huyo upepo utamtupa mwambani. Mtu wa mwelekeo ni yule ambaye akigeuka, kugeuka kwake kunamgharimu na kunaonekana. Asiyelipa chochote kwa kugeuka hakuwa na omo tangu mwanzo. Wahenga walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sote tutarejea huko. Lakini ni vema tukifika, waliotutazama toka ufukweni wawe waliweza kutambua tulikuwa tunaelekea wapi.