Kumlinda Shahidi

Kurani Tukufu (4:136) yatuamuru kutoa ushahidi wa haki ijapokuwa utatudhuru wenyewe. Tena ikieleza habari za mikopo (2:283) yakataza kumdhuru mwandishi au shahidi.

Mwaka 1993 David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, alifichua wizi wa Goldenberg. Akakamatwa, akafukuzwa kazi. Akafa maskini mwaka 2006. Tanzania ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa mwaka 2015. Kenya imejadili miswada ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Wengine huhofia kwamba sheria itawakinga wasingiziaji. Lakini dawa ya uzushi ni kuchunguza habari (49:7), siyo kumtupa msema kweli. Anayedai ushahidi sharti amlinde shahidi.