Kabla ya Kununua Kamera, Tafuta Tundu la Maiki

Wanangu mnaoanza kazi ya kupiga picha na video za harusi, nisikilizeni kabla hamjapeleka akiba yenu Kariakoo. Muuzaji atawatajia megapikseli, kisha atawaonyesha maandishi ya 4K kwenye boksi. Msibabaike. Mteja huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia sauti ya baba yake akimwozesha, hatawasamehe, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo anzeni na tundu la maiki. Kwa kawaida liko ubavuni mwa kamera, chini ya kifuniko cha mpira. Kifungueni kwa ukucha, mtaona kitundu cha milimita 3.5 chenye alama ya maiki. Canon 2000D na 4000D hazinalo, wala Nikon D3500, japo zote zinasifiwa kwa unafuu wake. Kwa picha mnato zinatosha. Kwa video mtabaki na maiki ya ndani, inayonasa feni, vijiko kwenye sahani na mlio wa lenzi ikitafuta fokasi.

Canon 700D ya mwaka 2013 inalo tundu hilo, na 200D ya 2017 pia. Mimi ningechukua 200D, kwa sababu fokasi yake humfuata bibi harusi anapotembea bila kuyumbayumba. Hairekodi 4K, na hilo lisiwanyime usingizi: Full HD ya pikseli 1920 kwa 1080 inatosha kabisa kwa watu watakaoangalia kwenye simu na runinga ya sebuleni. Canon M50 ya 2018 ina 4K, lakini ukiiwasha picha inakatwa pembeni na ile fokasi nzuri inazimika. Jueni pia kwamba 700D na 200D husimama zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59. Hotuba ikirefuka, kidole kiwe tayari.

Mkinunua ya mtumba, msiwe na haraka. Vueni lenzi, mulikeni tochi ya simu upande wa nyuma, mchungulie kwa mbele. Mkiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na unyevu wa pwani yetu huikuza. Irudisheni, hata bei ikishuka mara tatu. Kisha chomekeni maiki, rekodini dakika chache palepale dukani, kisha msikilize mlichorekodi. Muuzaji akikataa, ondokeni.

Mkifika kazini, wekeni mfumo wa video wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, na shata 1/50, maana umeme wetu ni hezi 50. Mkikosea, taa za ukumbini zitapepesa kwenye video nzima.

Na pesa ikiwa haitoshi, nunueni 700D ya mtumba pamoja na maiki nzuri. Hiyo 4000D mpya iacheni dukani.