Simba wa Miguu Mitano

Vijana wenzangu, leo nina jambo ambalo nimeshaliungama, ila bado linanifikirisha.

Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya kwenye shule moja ya msingi. Mwalimu wa darasa la kwanza akaniomba tutengeneze kona ya kusomea. Hela hakuna, tukatumia tulivyokuwa navyo: mkeka mmoja, maboksi ya sabuni yakawa rafu, herufi tukakata kwenye manila, maua kwa vizibo vya soda, vipepeo kwa vipande vya vitenge vya fundi cherehani. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano. Watoto wakatengeneza wanyama. Mmoja akaleta simba wa boksi, manyoya ya shingoni ya katani, miguu mitano.

Jioni moja, kesho yake wageni wanakuja, nikamtazama yule simba nikaona aibu. Nikambandua, nikakata mwingine wa miguu minne, amenyooka vizuri. Yule wa mtoto nikamtupa shimo la taka. Asubuhi wageni wakasema, "Jamani, watoto wenu wana vipaji!" Nikatabasamu. Sikusema kitu.

Mtoto alimtafuta simba wake ukutani, akainamisha kichwa, akaenda kukaa kwenye dawati. Wiki nzima hakukanyaga ule mkeka.

Nikaanza kujitetea kwa falsafa, si ndiyo niliyosomea? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba fundi, kama fundi, hasifiwi kwa nia yake bali kwa ubora wa alichotengeneza. Seremala mwenye roho nzuri akitengeneza kiti kinachoyumba, kiti ni kibovu tu. Basi simba wa miguu mitano ni mbovu. Kesi imeisha.

Haikuisha. Kwanza, ubora wa kitu unapimwa kwa kazi yake. Msumeno mzuri ni ule unaokata. Je, pambo la kona ya kusomea kazi yake ni nini? Ni kumvuta mtoto aje, aone hapa ni kwake, afungue kitabu. Simba wangu alimfukuza msomaji mmoja. Kwa kipimo kilekile cha ufundi, kibovu nilitengeneza mimi.

Pili, Aristotle anatofautisha kutengeneza na kutenda. Lengo la kutengeneza ni kile kitu kinachobaki ukimaliza. Tendo jema, wema wake umo ndani ya tendo lenyewe. Jioni ile nilidhani natengeneza tu. Kumbe nilikuwa natenda pia: nachukua cha mtoto bila kumwuliza, halafu kesho yake napokea sifa kwa jina lake. Ukimya wangu mbele ya wageni ulikuwa uongo.

Utaniuliza, "Sasa Frateri, watoto tusiwasahihishe?" Tuwasahihishe! Akiandika "b" badala ya "d", mwonyeshe. Lakini kumsahihisha mtu ni kukaa naye. Mimi nilisahihisha ukuta, tena yeye akiwa kwao, ili nisionekane vibaya.

Kwenye Injili ya Yohane sura ya 6 kuna mtoto mwenye mikate 5 na samaki 2. Andrea mwenyewe aliona havifai kitu mbele ya umati ule. Tena ilikuwa mikate ya shayiri, chakula cha maskini. Bwana hakuiweka pembeni alete mizuri zaidi, na uwezo alikuwa nao. Alipokea ileile, akashukuru, akagawa. Mimi nilipewa simba, nikashindwa hata kupokea.

Nilikaa na yule mtoto mkekani, nikamwomba msamaha. Nikamwuliza kwa nini simba wake alikuwa na miguu mitano.

"Ule si mguu, Frateri. Ni mkia. Alikuwa amekaa chini anasikiliza hadithi."

Tukatengeneza mwingine, yeye akikata, mimi nikipaka gundi. Kabla hatujambandika akanitazama: "Hutambandua tena?"

Swali hilo nalibeba mpaka leo. Wewe je, kwenye kwaya, jumuiya au nyumbani, ni kazi ya nani umeirudia kimyakimya bila kumwuliza? Mtafute wiki hii, ukae naye. Tuombeane.