Kiu ya Sehemu Ijayo



Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 15, Bwana wetu asimulia habari ya baba mwenye wana wawili. Twaijua sote. Mdogo aenda kupoteza mali, arudi na njaa, ndama achinjwa, ngoma yalia. Mkubwa atoka shambani, asikia ngoma, akasirika, akataa kuingia. Baba yake atoka nje kumsihi. Na papo hapo Bwana anyamaza. Je, yule mkubwa aliingia? Hatuambiwi. Msikilizaji aachwa mlangoni pamoja na yule baba.

Nimeanza na hadithi hiyo isiyo na mwisho kwa sababu nataka kusema juu ya hadithi nyingine zisizo na mwisho, zile ziingiazo katika nyumba zetu za Ndosho kila jioni umeme unapowaka. Zatoka Mexico, Brazil, India na Nijeria, nazo zimetiwa sauti za Kifaransa. Mwenye dishi huzitazama kwake; asiye na dishi huenda kwa jirani; watoto waliokosa nafasi ndani husimama dirishani; na vijana huzibeba katika simu zao. Ukipita asubuhi kando ya barabara ya Sake, utawasikia akina mama wauzao mboga wakiulizana habari za bibi arusi ambaye hajapata kuzaliwa: je, ameujua udanganyifu wa mumewe?

Wako wasemao kwamba ni uchawi. Sivyo, ni ufundi, tena wa kale. Waliosoma Alfu Lela Ulela wamjua Shahrazadi, aliyemsimulia mfalme hadithi usiku, akaikata palipo patamu kulipopambazuka. Na mfalme, aliyekusudia kumwua, akaahirisha ili asikie mwisho. Watengeneza filamu wameushika ufundi uo huo. Tarehe 21 Machi 1980, katika filamu ya mfululizo ya Marekani iitwayo Dallas, tajiri mmoja alipigwa risasi, na aliyempiga hakuonyeshwa. Watu wakangoja miezi minane. Ilipofika tarehe 21 Novemba, watazamaji zaidi ya milioni 80 wa nchi ile walikaa mbele ya televisheni usiku mmoja, ili tu waambiwe ni nani aliyefyatua risasi isiyomjeruhi mtu.

Mungu ameiumba akili yetu ipende kumaliza lililoanza, na jambo lililokatizwa huning'inia rohoni. Basi mwenye kusema, “Natazama sehemu hii moja tu, kisha nalala,” ajue kwamba sehemu hiyo imekatwa makusudi ili asilale.

Hata hivyo Kanisa halikuilaani televisheni. Papa Pio wa XII, katika barua yake ya tarehe 8 Septemba 1957, alizihesabu sinema, redio na televisheni kuwa vipaji vya Mungu, ingawa zimebuniwa kwa akili ya wanadamu. Naye mwaka 1958 akamweka Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Kwa nini Klara? Kwa sababu usiku mmoja wa Noeli alikuwa mgonjwa kitandani, asiweze kwenda na masista wenzake kusali, akajaliwa kuiona na kuisikia ibada akiwa chumbani mwake. Angalieni jambo hili: msimamizi wa televisheni ni mgonjwa aliyetamani kwenda kanisani asiweze. Sisi tu wazima, na njia si ndefu.

Wala hadithi za mfululizo si mbaya kwa asili. Huko Tanzania, tangu mwaka 1993, mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati uliwafundisha watu wengi kujikinga na ukimwi, kwa kuwafuatisha maisha ya dereva wa lori aitwaye Mkwaju.

Lakini twende kwa Mtakatifu Augustino, kwa maana yeye alilijua jambo hili kwa kuonja. Katika Maungamo yake asimulia habari za rafiki yake Alipio, aliyekuwa Roma kujifunza sheria. Alipio aliyachukia mapigano ya kuuana yaliyochezwa uwanjani. Siku moja rafiki zake wakamburuta. Akawaambia kwamba wauweza mwili wake tu, macho yake hawatayapata, akaketi ameyafumba. Kumbe aliyasahau masikio! Mtu mmoja akaanguka, umati ukapiga kelele, Alipio akafumbua macho ili aone kidogo tu kisha adharau. Hakudharau. Alirudi siku nyingine, tena akiwavuta wenzake. Baadaye Mungu alimwokoa, naye akafa askofu. Mimi naona faraja katika habari hiyo, lakini naona onyo pia: aliyenaswa alikuwa mtu mwema, mwenye nia njema, aliyejitumainia.

Augustino mwenyewe, alipokuwa kijana huko Kartago, alipenda michezo ya kuigiza iliyomliza. Baadaye akajiuliza ni huruma gani hiyo, ambayo mtazamaji haitwi kusaidia, aitwa kusikitika tu, na kadiri anavyosikitika ndivyo anavyofurahi.

Wapenzi, hilo ndilo jambo linalonichoma. Simwonei wivu mama aliyechoka, akapumzika kidogo mbele ya filamu. Nauliza tu machozi yetu yaishia wapi. Hapa Ndosho tuna hospitali ambamo majeruhi wa vita wamelazwa mwaka baada ya mwaka. Miaka ya 2023 na 2024 upande huu wa magharibi ya Goma ulijaa vibanda vya turubai vya watu waliokimbia vita. Kumlilia yatima wa Mexico hakumpunguzii mtu hata kikombe cha unga. Yatima wa jirani, yeye, ataka unga. Na saa ya shirika ikifika jioni, wenye kukosekana waliwahi kusema kwamba hawawezi kuondoka kabla sehemu haijakwisha. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotoa moto, ni nani aliyengoja sehemu iishe?

Tena watoto wetu wayajua majina ya watu wa filamu, na watu wa kwao hawawajui. Mwulizeni mtoto habari za Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981. Alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alitoa muda wake kuwafundisha watoto wa barabarani, wale tuwaitao maibobo. Alipoletewa rushwa ili aachilie vyakula vilivyoharibika vipite viuzwe, alikataa. Julai 2007 akatekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma. Vyakula vile vingeliwa na nani, kama si sisi?

Sasa turudi mlangoni kwa yule baba. Bwana naye aliikata hadithi palipo pagumu, lakini hakuikata ili wasikilizaji wakae wakingoja. Mafarisayo walionung'unika walikuwa wamesimama mbele yake, na wenye dhambi wakila pamoja naye. Sehemu ijayo ilikuwa mikononi mwao.

Kwa makatekista na wazee wa shirika: wiki hii someni sura hiyo ya 15 jioni moja katika kila nyumba yenye televisheni, nayo izimwe kwa nusu saa. Waiteni ndani na wale watoto wa dirishani. Msiwaelezee kitu. Waulizeni tu kama yule mkubwa aliingia, na alimwambia nini mdogo wake, kisha wasikilizeni mpaka wamalize.